Mtazameni Ruth: mishono na viraka vya albamu ya laivu

Upande wa pili wa santuri ya Roxy & Elsewhere, katikati ya kipande cha mwisho, Frank Zappa, mwanamuziki wa roki wa Marekani, anauingilia muziki kwa sauti ya mpiga debe wa sarakasi. Mabibi na mabwana, anasema, mtazameni Ruth. Muda wote wa filamu hii Ruth amekuwa akijiuliza afanye jambo gani litakalomshangaza kila mtu. Na Ruth Underwood, aliyezungukwa na msitu wa marimba, vibrafoni na ngoma, anajibu kwa mikono.

Filamu gani? Santuri ilitoka Septemba 1974 na hapakuwa na filamu yoyote ya kwenda nayo. Kamera zilikuwepo ukumbini kweli, lakini picha na sauti vilikataa kwenda sambamba, mikanda ikawekwa kabatini. Kwa hiyo wasikilizaji wakaendelea kuambiwa wamtazame Ruth, mwaka baada ya mwaka, huku wameikodolea macho spika. Filamu yenyewe ilitoka 2015. Zappa alikuwa amefariki tangu Desemba 1993.

Nimeanzia hapo kwa sababu sentensi ile moja imebeba kizungumkuti kizima cha albamu za laivu. Jalada likisema muziki umerekodiwa jukwaani, tunapokea kama tunavyopokea kiapo: watu walipanda, wakapiga, mashine ikanasa, na sasa sisi tunasikia kilichotokea. Ukiichunguza Roxy & Elsewhere unakuta saa tofauti, miji tofauti na hata watu tofauti, vyote vikisikika kama usiku mmoja. Je, tumedanganywa? Mimi nasema hapana, ila kulieleza jambo hilo kunataka subira kidogo, na kunataka kwanza tujue utepe unavyofanya kazi.

Mashine iliyonasa shoo zile ilikuwa ya njia 16. Yaani utepe mmoja mpana umegawanywa kwa urefu wake kama barabara yenye njia kumi na sita, na kila njia inapitisha sauti yake: huku besi, huku tromboni, huku mdomo wa muimbaji. Ukishakuwa na utepe wa namna hiyo, shoo haimaliziki watu wanapokwenda nyumbani. Muimbaji aliyepotea ufunguo, yaani sauti ya msingi ya wimbo, anaitwa studio wiki ijayo, anavaa spika za masikioni, bendi ile ile ya juzi inamlia masikioni kutoka kwenye utepe, naye anauimba upya mstari mmoja. Mstari mpya unaketi kwenye njia yake na wa zamani unafutika. Tukiite kitendo hiki kiraka.

Kiraka kina masharti yake. Maikrofoni ya muimbaji jukwaani hainasi muimbaji peke yake. Inanasa drams zinazopasuka mita mbili nyuma yake, gitaa lililo kando, na mwangwi wa ukumbi. Ukiitoa njia ile, umetoa pia kivuli cha drams kilichokuwa ndani yake, na drams zenyewe zinabadilika sura kidogo. Kuna pia maikrofoni za kunasa makofi, na hizo zilisikia kosa kama kila mtu alivyolisikia. Ndiyo maana kwenye albamu nyingi za laivu, ukivaa spika nzuri, unaweza kumsikia muimbaji akiimba mstari mmoja mara mbili: mara ya kwanza kwa usahihi, karibu na sikio, na mara ya pili kwa mbali kabisa, kama jirani aliye nyuma ya ukuta, akiuharibu.

Kitendo cha pili ni cha wembe. Unachukua utepe wa Jumapili na utepe wa Jumatatu, unatafuta pigo moja la drams lililo sawa katika zote mbili, unakata kwa mshazari, unaunganisha kwa utepe wa gundi. Hapo nusu ya kwanza ya wimbo ni ya Jumapili na nusu ya pili ni ya Jumatatu. Hiki tukiite mshono. Mshono haukubali ubabaishaji: kasi ya usiku wa kwanza na wa pili lazima zilingane, ufunguo lazima uwe ule ule, la sivyo sikio linajikwaa papo hapo.

Tofauti kati ya kiraka na mshono ndiyo itakayotuvusha. Kiraka kinaweka jukwaani sauti ambayo haikuwepo. Mshono hauongezi sauti yoyote, unachezea kalenda tu.

Wengi wetu tulilelewa na utaratibu mwingine. Bendi za dansi zilikuwa zikiingia studio za Radio Tanzania, zinapiga kwa pamoja, na mmoja akikosea mnarudi wote mwanzo. Zile zilikuwa rekodi za studio, lakini kwa maana hii tunayoizungumza hapa zilikuwa laivu kuliko albamu nyingi za roki zenye makelele ya mashabiki. Na leo si siri kwamba rekodi ya laivu ya kwaya au ya muimbaji wa injili, yenye taa na jukwaa na umati ulioinua mikono, mara nyingi hupitia tena kwa prodyuza kabla haijafika kwetu. Kilichobadilika ni bei ya vifaa.

Hata huko Marekani mchezo huu ni wa zamani kuliko Zappa. Mwaka 1966 Cannonball Adderley, mpiga saksafoni wa jazi, alirekodi albamu iliyodai kwenye jalada kwamba ni ya klabu moja ya Chicago, ilhali ilirekodiwa katika studio ya Capitol kule Los Angeles, mbele ya wageni walioalikwa na kupewa vinywaji. Albamu ya James Brown ya 1970 iliyobeba jina la Sex Machine ina nyimbo za studio zilizomwagiwa kelele za umati baadaye. Muimbaji wa roki Neil Young alifanya kinyume chake mwaka 1979: alichukua rekodi za jukwaani akawafuta mashabiki karibu wote. Namtaja Adderley makusudi, kwani kinanda cha Roxy & Elsewhere kinapigwa na George Duke, aliyekuwa amemwacha Zappa akaenda kupiga na Adderley, kisha akarudi.

Roxy kwenyewe

Roxy ni ukumbi mdogo kwenye barabara ya Sunset, upande wa West Hollywood, uliokuwa umefunguliwa miezi michache tu kabla. Zappa alikaa pale na bendi yake siku tatu, tarehe 8 hadi 10 Desemba 1973, akipiga shoo mbili kwa usiku katika siku mbili za mwisho. Neno la pili la jina la albamu, Elsewhere, maana yake kwingineko, na kwingineko huko ni shoo za Mei 1974, chuoni Edinboro, Pennsylvania, na jijini Chicago. Kwa hiyo kuhusu mahali, jalada halikuficha kitu.

Huyu mtu alikuwa ametoka mbali. Alizaliwa Baltimore mwaka 1940, akapitia ujana wake Lancaster, pembezoni mwa jangwa la Mojave. Desemba 1971 ilimpiga mara mbili ndani ya wiki moja. Tarehe 4 alikuwa akipiga kwenye kasino ya Montreux, Uswisi, mtu akafyatua fataki ndani ya ukumbi, jengo likateketea pamoja na vyombo vya bendi. Tarehe 10 alikuwa London kwenye ukumbi wa Rainbow, mtu mmoja akapanda jukwaani na kumsukuma akaangukia shimo la okestra, chini kwenye sakafu ngumu. Alivunjika mguu, akaumia kichwa, shingo na koo. Alikaa miezi mingi kwenye kiti cha magurudumu, na aliporudi kuimba sauti yake ilikuwa imeshuka. Sauti nzito, kavu, ya mtu anayekuchekea pembeni, unayoisikia ikitoa utangulizi mwanzoni mwa kila upande wa Roxy & Elsewhere, ni sauti iliyotoka kwenye shimo lile.

Bendi ndiyo utajiri wenyewe. Duke kwenye kinanda na kuimba. Napoleon Murphy Brock kwenye saksafoni, na ndiye muimbaji mkuu wa nyimbo kadhaa. Ndugu wawili, Tom Fowler wa besi na Bruce Fowler wa tromboni. Wapiga drams wawili kwa pamoja, Ralph Humphrey na Chester Thompson, ambaye baadaye alikwenda kuzunguka dunia na bendi ya Genesis. Na Ruth Underwood, aliyesomea mapigo katika shule ya Juilliard, New York, na ambaye angeweza kumaliza umri wake nyuma ya okestra akisubiri zamu ya kugonga pembetatu. Marimba aliyoipiga jina lake ni letu, neno la Kibantu lililovuka bahari pamoja na watu waliochukuliwa utumwani, likakulia Guatemala na majirani zake, mpaka viwanda vya Chicago vikaanza kuitengenezea okestra mwanzoni mwa karne ya 20. Nikimsikia Ruth huwa nawaza safari hiyo, ingawa yeye pengine alikuwa anawaza tu nota inayofuata.

Na nota zilikuwa nyingi. Hapa ndipo albamu hii inapoachana na albamu za laivu za kawaida. Kwa kawaida bendi hutoa nyimbo studio, zinapendwa, kisha inazipiga jukwaani watu wakiimba pamoja nayo. Albamu ya laivu ni ukumbusho. Kwenye Roxy & Elsewhere karibu kila kitu kilikuwa kipya kwa mnunuzi: Echidna's Arf, Cheepnis, Village of the Sun, Be-Bop Tango, hakuna hata mmoja aliokwisha kuusikia kwenye santuri. Vilivyokuwa na asili ya zamani ni More Trouble Every Day, uliozaliwa na wimbo wake wa 1966 kuhusu ghasia za mtaa wa Watts, Los Angeles, na Son of Orange County. Jukwaa lilikuwa ndiyo studio. Bendi ilikuwa imekaririshwa muziki ulioandikwa kwa kalamu, nota kwa nota, na njia ya kuuhifadhi ilikuwa ni kuupiga mbele ya watu.

Ili kuona ugumu wake, chukua Echidna's Arf na ujaribu kupiga makofi. Muziki wa dansi unakupa moja, mbili, tatu, nne, na hata ukipotea, baada ya muda mfupi ile "moja" inarudi kukuchukua. Hapa hesabu inabadilika kabla hujaizoea. Mpigo unaoutegemea unafika nusu hatua mapema, unaofuata unachelewa, na juu ya mashimo hayo marimba, kinanda na tromboni wanakimbia wimbo mmoja, nota zile zile, kwa kasi ile ile. Tromboni, jamani! Chombo cha bomba la kuvutwa, ambacho mkono lazima usafiri kutoka nota hadi nota, kinashindana na fimbo za marimba. Kwenye dansi mpiga ridhim akiteleza, besi inambeba. Kwenye kipande hiki hakuna wa kumbeba mwenzake, kwa sababu kila mmoja ana mzigo wake kichwani.

Upande wa pili wote unakwenda bila kituo. Unaanza na Village of the Sun, kuhusu Sun Village, kitongoji cha Weusi jirani na Lancaster, wafuga batamzinga, na upepo wa jangwani unaobandua rangi ya gari. Unamwagika ndani ya Echidna's Arf, nayo inamwagika ndani ya kile kipande cha mwisho chenye tangazo la Ruth. Kama una dakika ishirini tu za kuipa albamu hii, zipe upande huo.

Kimeshonwa wapi

Sasa upande wa kwanza. Pygmy Twylyte inapigwa Roxy, Desemba. Inaingia moja kwa moja kwenye Dummy Up, mchezo wa kuigiza wa kipuuzi ambamo Brock anashawishiwa avute vitu visivyovutika, hadi cheti cha kuhitimu masomo. Anayemshawishi ni Jeff Simmons, na Simmons hakuwa na bendi ile Desemba. Alikuwa nayo masika ya 1974. Msikilizaji anayejali majina anaona kwamba kati ya wimbo na wimbo, bila kimya, amesafirishwa kutoka California hadi upande wa pili wa Marekani na kuvushwa karibu nusu mwaka. Makofi hayakukatika. Huo ndio mshono, na umeshonwa vizuri kiasi kwamba kwa miaka nilidhani Simmons alikuwa amekaa mahali gizani Roxy.

Mshono wa Son of Orange County una uchungu wa aina nyingine. Novemba 17, 1973, Rais Richard Nixon, mwana wa Orange County, California, akiandamwa na kashfa ya Watergate, alisimama mbele ya waandishi wa habari na kusema yeye si mwizi. Kwenye utepe wa masika ya 1974 Zappa anayarudia maneno yale taratibu, juu ya muziki mzuri wa kusikitisha, na Nixon bado yuko Ikulu. Alijiuzulu Agosti 9. Santuri ilipofika madukani mwezi uliofuata, dhihaka iliyokuwa ya moto jukwaani ilikuwa tayari kumbukumbu. Hilo halikuhitaji wembe. Kiwanda cha santuri peke yake kinatosha kuchelewesha "sasa".

Viraka navyo vimo, na wimbo wenye viraka vya kupendeza zaidi ni Cheepnis. Kwenye utangulizi Zappa anaeleza mapenzi yake kwa filamu za mazimwi zilizotengenezwa kwa pesa za njugu. Anaitaja moja, It Conquered the World ya 1956, ambayo zimwi lake limekaa kama koni ya aiskrimu iliyopinduliwa, lina meno, na anasimulia kwa furaha ya mtoto jinsi linavyotoka pangoni huku unaona kabisa ubao wanaolisukumia kwa nyuma. Kwake umaskini ule ndio utamu. Ubao ukionekana, filamu inapanda daraja. Kisha wimbo unaanza, na waitikiaji wanaingia, na ukisoma majina ya waitikiaji kwenye jalada unakuta watu ambao hawakuwepo jukwaani siku ile. Waliongezwa studio. Wimbo unaousifu ubao unaoonekana umefichwa ubao wake kwa ustadi mkubwa!

Nadhani Zappa alijua kichekesho hicho, ingawa siwezi kuapa. Ninachoweza kusema ni kwamba hakukiona kiraka kama aibu. Kwake utepe wa shoo ulikuwa malighafi, sawa na mbao kwa seremala. Alikuwa na wazo kwamba kazi zake zote, santuri, filamu, mahojiano, shoo, ni kazi moja kubwa inayoendelea, na kipande chochote kinaweza kuhamia popote. Alilifuata wazo hilo hata pale lilipowaudhi wapenzi wa muziki wake: katikati ya miaka ya 1980, akitoa upya albamu mbili za mwaka 1968, alifuta besi na drams za zamani na kuweka zilizopigwa na vijana wapya. Mimi pia hilo sijamsamehe. Lakini ni fikra ile ile ya Cheepnis, imefika mwisho wake.

Wakati mgeni

Fikra hiyo ilizaa ufundi ambao hauna mfano kwa jirani zake wa roki. Aliuita kwa jina la Kigiriki, zenokroni, yaani wakati mgeni. Kwenye kiraka cha kawaida mwanamuziki anaisikia bendi masikioni na kujitahidi kuendana nayo. Kwenye zenokroni haendani na chochote. Unachukua solo la gitaa lililopigwa jukwaani mwaka fulani, juu ya wimbo fulani, kwa kasi fulani, unalibandua zima, unalipachika juu ya wimbo mwingine kabisa uliorekodiwa mahali pengine. Solo halijui lipo wapi. Linapita juu ya mapigo kama mgeni aliyeingia arusi isiyo yake akacheza vizuri kuliko ndugu wa bwana arusi. Karibu masolo yote ya gitaa kwenye Joe's Garage ya 1979 yamepatikana hivyo, kutoka tepe za jukwaani.

Mfano ulio wazi zaidi umo kwenye Sheik Yerbouti, ya mwaka huo huo, albamu ambayo nyimbo zake nyingi zilianzia jukwaani na kumalizikia studio. Kuna kipande kifupi, Rubber Shirt, cha besi na drams tu. Besi ya Patrick O'Hearn inauliza, drams za Terry Bozzio zinajibu, wanapishana kwa adabu ya watu waliokaa pamoja miaka. Maelezo ya Zappa mwenyewe kwenye jalada yanavunja ndoto. O'Hearn aliipiga besi ile studio, akiisikiliza rekodi ya shoo ya Göteborg, Sweden, ya 1974, ya mapigo manne. Mwaka mmoja na nusu baadaye besi ilibanduliwa kutoka hapo na kuwekwa juu ya wimbo mwingine, wa taratibu, wenye mapigo 11. Ule usikivu wote kati ya besi na drams, anasema, haukuwahi kutokea.

Hapa ndipo msikilizaji anatakiwa aamue. Mazungumzo hayakutokea, lakini nayasikia. Besi ni ya kweli, drams ni za kweli, kila mmoja alipiga kwa mkono wake. Kilichobuniwa ni kukutana kwao tu. Na sikio langu, lisilojua kalenda, linalia machozi yale yale.

Lakini kuna mshangao. Mwaka 1988 mtu huyu huyu alianza kutoa mfululizo alioupa jina You Can't Do That on Stage Anymore, juzuu sita, diski 12, zilizokamilika 1992, zikikusanya shoo za tangu miaka ya 1960. Na akatangaza: humu hakuna sauti yoyote iliyoongezwa studio. Hakuna kiraka hata kimoja. Baada ya miaka ishirini ya kupachika, alitaka watu wajue nini kilipigwa na mikono ya watu mbele ya watu. Naielewa haja hiyo. Bendi zake zilikuwa zikishukiwa, kwani muziki mgumu kiasi kile ukisikika safi mno, mtu anauliza kama ni studio. Bila viraka, swali linakwisha.

Ila wembe hakuuweka chini. Juzuu zile zimejaa mishono, na baadhi ni ya kuthubutu kuliko chochote kilichomo Roxy & Elsewhere. Lonesome Cowboy Nando, kwenye juzuu ya sita, unaanza na bendi moja na kuendelea na nyingine: sehemu imepigwa Genova, Italia, Juni 1988, na sehemu Los Angeles, Agosti 1971. Miaka 17 imelala kwenye kiungo kimoja. Waimbaji wanabadilika, drams zinabadilika, ukumbi unabadilika, wimbo hausimami. Na safari hii hafichi kitu. Anakuandikia tarehe na miji, anataka uusikie mkasi.

Basi mkataba wake na msikilizaji wa juzuu zile ulikuwa huu, nikiuelewa vizuri: kila nota iliyomo, mtu aliipiga jukwaani. Kwamba ziliandamana usiku mmoja, hilo hakuahidi kamwe. Tumezoea kuyachukua mambo hayo mawili kama moja, na ndiyo maana tunahisi tumelaghaiwa.

Tangu hapo nyaraka zimezidi kufunguka. Mwaka 2014 ilitoka albamu ya ziada ya tepe za Roxy, na mwaka 2018 likatoka sanduku la diski saba lenye shoo zenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho, usiku kwa usiku. Sasa mtu yeyote anaweza kuiweka Echidna's Arf ya santuri kando ya zile za ukumbini na kuhukumu. Mimi niliogopa kidogo kufanya hivyo. Nilichokisikia ni bendi ileile, yenye makosa machache ya kibinadamu, Be-Bop Tango ikiwatesa wapigaji wake kila usiku kwa namna mpya, na Zappa akiwapandisha jukwaani watazamaji wacheze nota zisizochezeka ambazo Duke anaziimba kwa mdomo. Ruth hana kiraka cha kuhofia. Kwenye filamu unamwona hatimaye: mwanamke anayecheka huku mikono yake ikifanya jambo ambalo uso haujishughulishi nalo.

Kuna kisa kimoja ambacho huwa nakisimulia nikiulizwa habari za wakati katika rekodi za mtu huyu. Septemba 1974, mwezi ule ule ilipotoka Roxy & Elsewhere, bendi ilikuwa Helsinki. Solo la gitaa la usiku mmoja wa huko lilibanduliwa na kuwekwa ndani ya Inca Roads, kwenye albamu iliyofuata ya 1975, ambayo watu wanaihesabu kuwa ya studio. Lakini katika shoo zile zile kulitokea jambo jingine. Kati ya nyimbo, mtu mmoja gizani alipiga kelele akiomba Whipping Post, wimbo wa bendi ya Allman Brothers. Zappa akamjibu kwamba bendi haiujui, akamwomba aimbe kidogo wasikie, kisha wakaingia kwenye wimbo wao wa Montana huku akiuchomekea maneno ya yule mwombaji. Ombi lilimkaa kichwani. Miaka ya 1980 bendi yake ikajifunza wimbo ule, na akautoa kwenye albamu ya 1984.

Rekodi ya Helsinki yenyewe, yenye sauti ya yule mtu akiomba, ilitoka 1988. Kwenye rafu ya santuri jibu limetangulia swali kwa miaka minne.